Hakuna filamu ya Friends inayokuja: tuichambue hii trela inayozungushwa

#1 · Mleta mada, Dar es Salaam

Wanajukwaa, salaam. Kwa siku tatu sasa nimetumiwa video moja, yaani hiyo trela (kionjo cha filamu), na watu wanne tofauti, akiwamo shangazi yangu wa Tanga ambaye kwa kawaida hatumi kitu kisichohusu msiba au harusi, na kila anayeituma anaiwekea maneno yaleyale: kwamba tamthilia ya Friends inarudi, safari hii kama filamu ya sinema, na waigizaji wote sita wamo. Nimeona pia watu wazima wenye akili zao timamu wakiiweka kwenye status na kuhesabu siku. Nimefungua uzi huu ili tuimalize hoja hii mahali pamoja na kwa ushahidi, badala ya kila mmoja wetu kubishana kivyake kwenye magrupu ya familia.

Nianze na jambo ambalo lingetosha peke yake. Matthew Perry, aliyeigiza Chandler Bing, alifariki tarehe 28 Oktoba 2023 nyumbani kwake Los Angeles. Video inayozungushwa inamwonyesha akiwa mtu wa makamo, anatembea na kuzungumza, na maelezo yaliyoandikwa chini yake yanaahidi kwamba wote sita wamerudi kazini. Anayesema kuwa filamu hiyo inapigwa sasa hivi anatuambia kwamba marehemu yuko studio. Wapo waliojaribu kuliokoa dai hilo kwa kusema kuwa picha zilipigwa kabla ya kifo chake zikafichwa, na hao nao watajibiwa humu.

Video yenyewe si mpya. Ilianza kuzunguka mapema mwaka 2018, na tangu wakati huo vyombo vya habari za burudani vya Marekani na Uingereza viliandika kwamba ni ya kubuni, iliyoungwa kwa vipande vya kazi nyingine ambazo waigizaji hao walizifanya baada ya Friends kwisha. Kilichofanyika safari hii ni mtu kuipakua, kuipunguza mwanzo na mwisho, kubadilisha mwaka kwenye kichwa na kuipandisha upya. Mimi mwenyewe niliiamini mwaka ule kwa kama saa nzima, nikamtumia mdogo wangu, naye akanijibu kwa neno moja tu: "Chai." Kwa hiyo siwacheki waliodanganyika.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta, Friends ilikuwa vichekesho vya marafiki sita wanaoishi New York, na ilirushwa na televisheni ya NBC kuanzia tarehe 22 Septemba 1994 hadi tarehe 6 Mei 2004, misimu 10 yenye vipindi 236. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu wapatao milioni 52.5 nchini Marekani pekee. Huku kwetu wengi tuliipata kwa DVD za Kariakoo, misimu miwili au mitatu ikiwa imebanwa kwenye diski moja, na jalada lake limechapwa kwa wino uliochujuka kiasi kwamba Ross na Joey walikuwa kama mapacha. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa rika langu akisema ana "season ya Friends" anamaanisha tamthilia yote, si msimu mmoja.

Karibuni tuchangie. Ombi langu ni kwamba kila anayeleta jambo alilete na chanzo anachokifahamu, kwa kuwa uvumi hauwezi kuvunjwa kwa uvumi mwingine.

#2 · Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana ndugu yangu kwa kulianzisha jambo hili. Naomba niongeze historia kidogo, maana uvumi huu una umri mkubwa kuliko video yenyewe, na anayeujua umri wake hashangai tena unapobisha hodi.

Mwaka 2008 filamu ya Sex and the City, iliyotokana na tamthilia ya televisheni, ilipata zaidi ya dola milioni 400 kwenye majumba ya sinema duniani. Haikupita muda magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba Friends ndiyo inayofuata, na kwamba waigizaji wamekwisha kuwa tayari. Studio ya Warner Bros., mmiliki wa Friends, ilikanusha kwa kauli fupi. Mwaka 2013 ukazuka uvumi mwingine, safari hii wa kipindi maalumu cha kurushwa katika sikukuu ya Thanksgiving ya mwaka 2014. Ukakanushwa nao, na Marta Kauffman, mmoja wa waliobuni tamthilia hii, akaeleza kwa nini halitakuwa. Maelezo yake ni mazuri mno kuyapitia haraka, na natumaini kuna atakayeyaleta humu kwa kirefu.

Kisha likaja la mwaka 2016, ambalo ndilo lililonifunza mimi. Televisheni ya NBC iliandaa usiku wa kumuenzi mwongozaji James Burrows, aliyeongoza kipindi cha kwanza kabisa cha Friends na vingine kadhaa. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba sita wote wataketi pamoja tena. Nilikesha. Walioketi kwenye kochi walikuwa watano. Matthew Perry alikuwa London, anaigiza jukwaani katika mchezo aliouandika mwenyewe, akatokea kwa video tu. Ni kweli kulikuwa na jambo, lakini jambo lililokuwapo halikuwa lile lililotangazwa na vichwa vya habari, na hapo ndipo uvumi wa namna hii unapopata chakula chake: unachukua punje ya ukweli, unaipikia pilau.

#3 · Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu mlichoandika, lakini naomba kuwapinga kidogo. Hoja ya kwamba video ni ya shabiki haitoshi kuthibitisha kwamba hakuna filamu. Mwezi Machi 2019 kijana mmoja wa Kansas City, Morgan Cooper, aliweka YouTube trela ya kubuni ya The Fresh Prince of Bel-Air, tamthilia ya zamani ya Will Smith, akiwa ameigeuza kutoka vichekesho kuwa tamthilia nzito. Watu walisema maneno haya haya mnayoyasema leo, kwamba ni kazi ya shabiki na haitafika popote. Will Smith aliiona, akamtafuta, na tarehe 13 Februari 2022 tamthilia kamili iitwayo Bel-Air ikaanza kuonyeshwa Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni. Mnakumbuka pia tamthilia ya Veronica Mars, iliyokatishwa mwaka 2007: mwaka 2013 mashabiki walichanga zaidi ya dola milioni 5.7 mtandaoni, na mwaka uliofuata filamu ikaingia sinema.

Sisemi kwamba filamu ya Friends ipo. Ninachosema ni kwamba kucheka kila trela ya shabiki kunaweza siku moja kutufanya tuonekane wajinga.

#4 · Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, umetoa pingamizi zuri, na afadhali limekuja mapema. Tofauti ninayoiona ni hii. Cooper alipiga picha zake mwenyewe, kwa waigizaji wake mwenyewe, akaweka jina lake, na hakumwambia mtu yeyote kwamba kazi hiyo ilikuwa imekwisha kununuliwa. Aliwaonyesha watu wazo. Baadaye wenye haki walipolichukua wazo hilo, walisema hadharani, wakataja mahali itakapoonyeshwa na nani ataitayarisha, na hapo ndipo sote tukajua. Vivyo hivyo kwa Veronica Mars: aliyeomba michango alikuwa Rob Thomas, mbunifu wa tamthilia yenyewe, kwa ruhusa ya studio, tena akiwa na waigizaji wake upande wake. Katika mifano yako yote miwili, anayestahili kusema ndiye aliyesema.

Hii ya Friends haina mwenyewe. Nimefuata vyanzo vya zile nne nilizotumiwa, na kila kimoja kilinipeleka kwenye ukurasa usio na jina la mtu, ambao wiki iliyopita ulikuwa ukitangaza dawa ya kuotesha nywele.

#5 · Mchangiaji, Zanzibar

Assalaam alaykum. Mimi nauliza kwa nia ya kujifunza tu. Katika hiyo video nilimwona Courteney Cox, yule Monica, amesimama na Chandler, na wote wawili wamezeeka kidogo kuliko walivyokuwa kwenye tamthilia. Kama ni vipande vya kazi nyingine, inakuwaje wakutane hao wawili? Mtu hawezi kuwaunganisha waliopigwa picha mahali mbalimbali wakasimama bega kwa bega.

#6 · Mchangiaji, Arusha

Wa alaykum salaam, dada. Swali lako ndilo swali la msingi, na mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matangazo, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu kidogo.

Hao wawili waliigiza pamoja baada ya Friends, tena zaidi ya mara moja. Courteney Cox alikuwa na tamthilia yake, Cougar Town, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2015, na Matthew Perry alikuja humo kama mgeni mwaka 2014. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Cox naye alikuwa mgeni kwenye tamthilia ya Perry iliyoitwa Go On. Jennifer Aniston (Rachel) na Lisa Kudrow (Phoebe) nao walipita Cougar Town kama wageni. Kudrow alikuwa na Web Therapy, ambayo wenzake kadhaa wa Friends waliingia. Matt LeBlanc (Joey) alitumia miaka ya 2011 hadi 2017 akiigiza katika Episodes, ambamo anajiigiza yeye mwenyewe. Mtu mwenye subira na programu ya kuhariri akiyachota haya yote anapata wawili wawili, au hata watatu, wakiwa na nywele za utu uzima na nguo za kisasa.

Asichoweza kukipata ni sita. Nimeiweka video kwenye kompyuta nikaitazama kwa robo ya mwendo wake, fremu baada ya fremu, na hakuna hata moja ambamo wote sita wamo pamoja wakiwa na umri wa sasa. Fikirini: mtu anatangaza filamu ambayo mvuto wake wote ni kukutana kwa watu sita, kisha katika trela yake hawakutani! Badala yake mtu mmoja anatazama kulia, picha inakatwa, mwingine anatazama kushoto, nasi akilini mwetu tunawakalisha meza moja. Ni hila ya zamani ya uhariri, na inafanya kazi kwa sababu macho yetu tayari yanawafahamu kama marafiki. Tazameni pia nywele za Cox: kwenye mkato mmoja zinafika mabegani, kwenye unaofuata zimepita, kisha zinarudi mabegani, katika mazungumzo yanayodaiwa kuwa ya jioni moja. Na mwanga unaompiga usoni ni wa jua la dirishani, wakati anayemjibu amepigwa na taa za ndani zenye umanjano. Mpiga picha wa kipaimara hapa Arusha angerudishiwa kazi kama hiyo.

Sauti nayo inaumbua. Maneno mengi yanasikika wakati msemaji hayupo kwenye picha au ameonyeshwa kwa kisogo. Muziki umepandishwa juu ili kuficha kwamba mlio wa chumba unabadilika kila baada ya sentensi.

#7 · Mchangiaji, Zanzibar

Nimefahamu. Ahsante kwa ufafanuzi. Nimerudi kuitazama na kweli, sita hawapo.

#8 · Mchangiaji, Nairobi (mwingine)

Mnaijadili habari ya uongo ilivyo, lakini nadhani ingesaidia pia tukumbuke habari ya kweli ilivyokuja, kwa kuwa tunao mfano wake kamili.

Tarehe 15 Oktoba 2019 Jennifer Aniston alifungua ukurasa wa Instagram, na picha yake ya kwanza ilikuwa ya wote sita wakiwa wamekaa pamoja nyumbani. Ukurasa ulifikisha wafuasi milioni 1 kwa saa 5 na dakika 16, rekodi ya wakati huo. Siku ile ile maneno ya filamu yakaanza upya, na kuna watu waliapa kwamba picha ile ilipigwa baada ya kusaini mkataba. Ilikuwa picha ya chakula cha jioni tu.

Miezi minne baadaye, Februari 2020, ndipo tangazo lenyewe likaja, na lilikuja kwa namna ambayo haikumwachia mtu nafasi ya kubahatisha: waigizaji waliweka picha moja ile ile kwenye kurasa zao siku moja, na kampuni ya WarnerMedia, iliyokuwa ikimiliki Warner Bros., ikatoa taarifa yake, ikitaja kwamba ni kipindi maalumu kitakachoonyeshwa HBO Max, huduma yake ya kutazama mtandaoni, kisichofuata hadithi iliyoandikwa, yaani sita wanakutana kama watu halisi na si kama Rachel, Monica, Phoebe, Joey, Chandler na Ross. Kilikusudiwa kuwa tayari Mei 2020 wakati HBO Max inazinduliwa. Korona ikazuia, kikapigwa Aprili 2021 huko Burbank katika studio namba 24, ile ile ya zamani, na kikaonyeshwa tarehe 27 Mei 2021.

Kwa hiyo kipindi kisicho na hadithi, cha chini ya saa mbili, kilijulikana zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuonyeshwa, na kila hatua ya kucheleweshwa kwake iliandikwa. Anayeniambia kwamba filamu nzima ilipigwa kwa siri kabla ya Oktoba 2023, ikiwa na waigizaji sita mashuhuri ambao hawawezi kwenda kununua kahawa bila kupigwa picha, ananitaka niamini kwamba watu hao hao walioshindwa kuficha chakula cha jioni walifaulu kuficha miezi ya upigaji picha.

Na jambo moja dogo ambalo hunisaidia mimi binafsi kila uvumi unapokuja: karibu zote husema kwamba NBC imethibitisha. NBC ilikuwa mrushaji. Iliyoitayarisha na inayoimiliki Friends ni Warner Bros. Ukiona NBC inatangaza filamu ya Friends, ni sawa na mwenye duka la magazeti kutangaza toleo jipya la riwaya ya mtu.

#9 · Mchangiaji, Mombasa

Ndugu wa Nairobi amelisema vyema. Naongeza kwamba hata kipindi kile cha 2021 hadi leo kinasambazwa vipande vipande kama "sehemu ya filamu". Ukimwona mtangazaji James Corden anauliza maswali, jua umeletewa kipindi hicho.

#10 · Mchangiaji, Dodoma

Mimi naomba tuzungumzie upande ambao bado haujaguswa. Kuna toleo la pili la uvumi huu, ambalo halihitaji sita wa zamani: kwamba Warner Bros. itaifanya upya hadithi ile ile kwa waigizaji vijana. Toleo hili haliwezi kuvunjwa kwa kifo cha Perry wala kwa kuchunguza fremu. Na tusisahau kwamba Hollywood imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi: The A-Team ilifanywa filamu mwaka 2010, 21 Jump Street mwaka 2012, Baywatch mwaka 2017. Hizi zote zilikuwa tamthilia za zamani, na wengine wetu tulizitazama kwenye televisheni za majirani. Kwa nini Friends iwe haramu?

#11 · Mleta mada

Mkuu wa Dodoma, si haramu, na hakuna sheria inayozuia. Ila tazama ulichokitaja. The A-Team ni askari wanaokimbizwa huku wakifanya kazi za hatari. 21 Jump Street ni polisi vijana wanaojificha shuleni. Baywatch ni waokoaji wa ufukweni. Kila mojawapo ina kazi inayoweza kukabidhiwa kwa mtu mwingine. Ukimtoa mwigizaji ukamweka mwingine, kazi inabaki, gari linabaki, bahari inabaki. Sasa niambie kazi ya Friends ni ipi. Ni watu sita wanakaa kwenye mkahawa. Ukiwatoa sita hao, kinachobaki ni mkahawa.

Halafu kuna namna ilivyotengenezwa. Ilipigwa mbele ya watazamaji walioketi studio, kwa kamera kadhaa kwa pamoja, na kicheko unachokisikia kilikuwa sehemu ya uandishi: utani usipochekesha, waandishi waliubadilisha palepale na waigizaji wakarudia. Mfano mkubwa ni kipindi cha harusi ya Ross kilichopigwa London na kuonyeshwa Mei 1998. Pale Monica anapochomoza kutoka chini ya shuka kando ya Chandler, watazamaji wa Kiingereza walipiga kelele kwa muda mrefu kiasi kwamba ilibidi waigizaji wangoje. Waandishi walikuwa wamepanga jambo la usiku mmoja. Kwa kelele zile wakabadili mawazo, na ndoa ya Monica na Chandler ikawa nguzo ya miaka iliyofuata. Katika filamu hakuna wa kupiga kelele.

Dada au kaka wa Mombasa alitamani maneno ya Marta Kauffman yaletwe humu, na kwa kuwa hayajaletwa nitayaeleza kwa maneno yangu. Alisema kwamba tamthilia hii inahusu kipindi kile cha maisha ambapo marafiki zako ndio familia yako. Ukishapata familia yako mwenyewe, kipindi hicho kimepita, na hadithi imepita nacho. Katika kipindi cha 2021, Lisa Kudrow alipoulizwa kuhusu filamu, alijibu kwa hoja inayokaribiana: kwamba wabunifu waliwaacha wahusika wote mahali pazuri, na ili kupata hadithi mpya ingebidi uzuri huo ufumuliwe, jambo ambalo yeye hakulitaka. Kumbukeni kipindi cha mwisho. Nyumba iko tupu, kila mmoja anaacha ufunguo wake juu ya meza ya jikoni, Rachel anapendekeza wakanywe kahawa na Chandler anauliza wapi, kana kwamba kuna mahali pengine. Kisha kamera inabaki na kuta za zambarau na ile fremu ya njano mlangoni. Walioandika hivyo walikuwa wanafunga mlango kwa makusudi.

Tena waliwahi kujaribu kuufungua. Mwaka ule ule wa 2004 Joey alihamishiwa Los Angeles akapewa tamthilia yake mwenyewe. Iliondolewa hewani mwaka 2006 baada ya misimu miwili.

#12 · Mchangiaji, Nairobi (wa #3)

Nakubali kuhusu trela. Nimeshawishika, hasa na maelezo ya mhariri wa Arusha. Lakini kuhusu kufanywa upya nabaki na shaka yangu, na sababu yake ni fedha. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Netflix ilikubali kulipa kama dola milioni 100 ili tu iendelee kuwa na Friends kwa mwaka 2019. Baada ya hapo Warner ikaichukua kwa ajili ya HBO Max, kwa makubaliano yaliyoripotiwa kuwa dola milioni 425 kwa miaka mitano. Kitu chenye thamani hiyo hakiachwi kilale. Wabunifu wanaweza kukataa leo, lakini kampuni huuzwa, wakurugenzi hubadilika, na anayekuja hana machungu na fremu ya njano.

#13 · Mchangiaji, Arusha

Mkuu, takwimu zako ni sahihi, ila mimi nazisoma kwa upande wa pili. Fedha hizo zote zinalipwa kwa vipindi 236 vilivyokwisha kupigwa, ambavyo gharama zake zilikwisha kulipwa zamani. Katika misimu miwili ya mwisho kila mmoja wa wale sita alikuwa akilipwa dola milioni 1 kwa kipindi, kwa sababu walikubaliana kudai malipo kwa pamoja na kwa usawa. Leo tamthilia inaingiza bila kumpigia picha mtu yeyote. Filamu mbaya yenye sura mpya ingegusa kitu hicho hicho kinacholeta fedha. Mwenye ng'ombe anayekamuliwa kila asubuhi hana haraka ya kumpeleka mnadani ili ajaribu mtamba asiyemjua.

#14 · Mchangiaji, Nairobi (wa #3)

Mwenye ng'ombe hana haraka mpaka ada ya shule ifike. Lakini sawa, tukubaliane hivi: trela ni ya uongo, wote sita haiwezekani tena, na kufanywa upya hakujatangazwa na yeyote mwenye haki ya kutangaza. Nikiona tangazo la Warner lenye jina la mtayarishaji, nitakuja hapa hapa kuwakumbusha.

#15 · Mchangiaji, Dodoma

Nami naridhika kwa hapo. Ila naomba mleta mada abadilishe kichwa cha uzi kiseme wazi kwamba video ni ya 2018, maana kuna watu husoma kichwa tu kisha wakasambaza.

#16 · Mleta mada

Nimeandika kwa msimamizi wa jukwaa kuhusu kichwa.

Jana usiku nilimpigia shangazi simu ili nimweleze kwa sauti, kwa kuwa kumsahihisha mtu mzima mbele ya wajukuu wake kwenye grupu si adabu. Nikaanza na habari ya fremu, nikaenda kwenye Cougar Town, yeye ananisikiliza tu. Nilipofika kwenye kifo cha Perry akanikatiza: "Mwanangu, hilo nalijua tangu siku ile. Mimi nilituma kwa sababu pale katikati anacheka." Sikuwa na hoja ya kujibu. Ameniomba nimtafutie kile kipindi cha London kwenye flashi, nikienda Tanga mwisho wa mwezi nimpelekee. Kama kuna mwenye nakala safi, yenye sauti isiyokwaruza, naomba aniambie.

#17 · Mchangiaji, Mombasa

Ninayo kwenye DVD halisi, msimu wa nne wote. Mwambie shangazi kipindi hicho kiko sehemu mbili, asiishie ya kwanza, maana Monica na shuka wako ya pili.